Sosi Nyeupe na Mizani ya Pamba

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimechoka kabla wiki haijaanza. Daktari kasema sukari imepanda na mwili umezidi: kilo tisini na nne. Eti niache wanga kabisa. Nile mayai, nyama, samaki, mafuta, mboga za majani. Ijumaa nirudi. Kama hakuna kilichoshuka, naanza sindano, kila siku, maisha yangu yote. Sindano! Mimi niliyekimbia chanjo darasa la pili kwa kupitia dirishani! Nimemwambia mke wangu Milembe kuanzia leo sili ugali. Kaniangalia weee, kisha kauliza nani atakula huu aliokwisha usonga.

Jumanne, 6 Agosti
Sijala. Mayai matatu makavu, yamenikwama kooni. Nikapita dukani kwa Thomasi. Tangu biashara iwe huria hakosi kitu: biskuti za Dubai, sabuni ya maji, na leo chupa ya sosi nyeupe, nzito, imeandikwa tartar. Thomasi mwenyewe alidhani ni ya nywele. Binti yangu Precious kanisomea lebo: mafuta, mayai, matango ya siki, sukari. Mafuta na mayai! Si ndiyo maneno ya daktari? Milembe kauliza, na hiyo sukari je? Nikamjibu imetajwa mwisho, maana yake wameitia kwa aibu.

Tatizo, sosi hailiki peke yake. Milembe alikuwa amechemsha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa. Nikachovya. Loo! Tamu!

Jumatano, 7 Agosti
Siku ya tatu sijala. Michembe tu, sahani mbili asubuhi, mbili jioni, ya kupoza njaa. Nguvu sina. Milembe anasema sahani nne ni chakula. Nikamuuliza, kwao Mwamanyili mgeni akipewa michembe bila ugali, si ataondoka akisema hakulishwa? Kaondoka na sahani zake. Nimeshinda, ingawa sina hata nguvu ya kufurahi.

Alhamisi, 8 Agosti
Kituoni kwangu Sapiwi, ninaponunulia pamba ya kampuni, foleni ya wakulima. Nikaning'inia kwenye ndoano ya mizani kama gunia. Themanini na tano! Kilo tisa kwa siku tatu! Nikapiga yowe la furaha, nikawatangazia wote hizo kilo tisa. Mzee Mboje, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akatazama tumbo langu, akatazama mizani, akatazama gunia lake. Akauliza polepole: ikiwa mizani imenila mimi kilo tisa, pamba yake imeliwa ngapi?

Nilikasirika sana. Ile springi niliikaza mwenyewe mwezi wa sita, kwa sababu za kibiashara, na ni kwa ajili ya pamba tu, si watu. Foleni yote ikahamia ng'ambo ya barabara kwa Salu, mnunuzi wa kampuni nyingine. Salu kanipungia mkono. Mshenzi.

Ijumaa, 9 Agosti
Hospitali. Kilo tisini na sita! Sukari ndiyo kwanza inapanda. Daktari kauliza nimekula nini. Nikamweleza habari za sosi. Kasema sosi kijiko kimoja haina neno, ila nilikuwa nachovya nini? Nikasema michembe, lakini chakula sijagusa, naapa. Akavua miwani, akajifuta uso. Kasema michembe ni wanga mtupu. Akachukua kalamu kuandika sindano. Nikalia. Kweli nililia, mtu mzima, mbele ya nesi. Akanipa wiki moja, ya mwisho.

Nje Milembe kanishika mkono. Kasema yeye hataki kuwa mjane kwa ajili ya michembe. Yakaniingia.

Nimekaa nikafikiri, nimeamua. Michembe basi! Kuanzia kesho nachovya matobolwa. Yale ni viazi vitamu vilevile, ila huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, kwa hiyo wanga wote umekwisha toka na maji.

Halafu ile mizani ya hospitali imechezewa. Mimi mizani iliyochezewa naijua. Ijumaa ijayo naenda na ya kwangu.