Jinsi Makoye wa Tinde Alivyomposea Panya Wake Mke

Enyi mlioketi vigodani, na ninyi mliosimama kwa kukosa vigoda, sogeeni karibu. Na mwenye simu aizime, maana habari hii haivumilii kukatizwa. Mmekwisha kusimuliwa habari za watemi walioteka mifugo ya nchi jirani na za mashujaa waliomshika simba sharubu. Wote hao walitenda makubwa, nasi tumewachoka. Leo mnaletewa Makoye mwana wa Tinde, mpanda pikipiki, msafirisha dagaa, mla vumbi la njia ya Bugarama, mtu aliyeazimia jambo ambalo Usukuma nzima haikuwahi kulithubutu: kufuga panya kwa hiari yake mwenyewe, kuwazalisha kwa utaratibu, na kuitwa mfugaji mwaminifu.

Dume alipewa na Abel, mchimba almasi wa Maganzo, naye Abel aliachiwa na mtaalamu wa mawe aliyerudi kwao. Panya huyo alikuwa mweupe mwenye kichwa cheusi, na Abel alipomtoa akanena, "Ndugu yangu, huyu si mwizi wa ghalani. Huyu ukimwita anakuja." Makoye akamwita. Panya akaja, akapanda mkono, akaketi begani akijisafisha masharubu. Tangu saa ile moyo wa shujaa ukatekwa, akampa jina la Mtemi, akamrudisha Tinde mfukoni mwa shati kwa mwendo wa taratibu ambao pikipiki ile haikuwa imeuonja tangu itoke dukani.

Lakini mtemi asiye na mke ni mpangaji tu, na jike wa nasaba njema hakupatikana ila katika nyumba moja. Huko Shinyanga mjini, nyuma ya duka la vitambaa, aliishi Vijaya, aitwaye Mama Rushabh, ambaye tangu utotoni alifuga panya, kwa kuwa katika imani ya kwao panya ni kipando cha mungu wao Ganesha wala si kitu cha kuchekwa. Ilisemekana amewarudisha mikono mitupu watu wazito wenye magari, kwa sababu tu hawakujua panya hunywa maji mara ngapi.

Basi Makoye akajiandaa kwa vita. Akajengesha kizimba cha wavu wa chuma chenye ghorofa, ngazi na machela ya kitambaa, hata fundi akauliza kama mteja mwenyewe anahamia humo. Akakiweka mbali na moshi wa jiko na upepo wa mlango. Paka wa nyumbani akapelekwa uhamishoni kwa shemeji. Mtemi akafikishwa mbele ya daktari wa mifugo, mtu aliyezoea kuzamisha mkono ndani ya ng'ombe hadi begani. Akampima, akakuta hana ugonjwa, akaenda kucheka nyuma ya ofisi kwa heshima. Na kila siku shujaa alifagia kizimba kwa mikono yake mwenyewe.

Haya yote aliyatazama mkewe, Martina mlinzi wa ghala, adui wa kila chenye mkia mrefu, aliyewahi kuliwa mbegu za mpunga na jeshi la panya lisilo na haya. Hakusema kitu. Enyi waume, mke akipiga kelele shukuruni. Akinyamaza huku ameshika mwiko, tafuteni pa kujificha.

Siku ya posa ilipowadia, Makoye alimchukua mjomba wake Magesa, mshenga aliyeozesha nusu ya Tinde, akavaa koti la harusi yake mwenyewe, wakaingia mjini.

"Shikamoo, Mama Rushabh," akasema Makoye.

"Marahaba. Karibuni."

Magesa akakohoa kikohozi cha kazi. "Mama, sisi ni wapita njia. Tumepita hapa tukaona ua limechanua katika boma lako. Nasi kwetu tuna kijana, mtulivu, mwenye meno mazuri, hajapata kushtakiwa popote. Tunaomba ua hilo."

Vijaya akatabasamu kidogo. Jike wa rangi ya kijivu alikuwa begani pake, ndani ya mtandio. "Na ninyi nikiwapa, mna nia gani naye?"

Hapo ndipo Makoye alipoanguka. Kwao, mwenye kuposa huulizwa nia, naye hujibu kwa kutaja kundi la ng'ombe. Mkwe akisikia mifugo ni mingi, uso humnawiri. Akasimama, akatutumua kifua, akanguruma: "Mama, ondoa hofu. Nipe huyu binti, na kabla mvua hazijarudi nitakuwa nimejaza zizi. Watazaa, na wajukuu watazaa, hata apitaye njia ya Tinde atauliza, mali hii yote ni ya nani?"

Vijaya akamfunika jike kwa mtandio.

"Baba, ng'ombe wakizidi unauza, unachinja, unatoa mahari," akasema. "Panya wakizidi utawapeleka wapi? Mama yao asipopumzika atakufa. Wa kiume usipowatenga mapema watawapanda dada zao. Mfugaji hazalishi mpaka ajue kila mtoto anakwenda kwa nani. Wewe umekuja kutafuta kundi. Mimi kundi sina."

Makoye akaketi tena. Aibu ilimchoma hadi masikioni, na ndani ya mfuko wake Mtemi alilala bila kujua kwamba ndoa yake imevunjika.

Magesa, ambaye hajapata kurudi na posa iliyokataliwa, akavua kofia. "Mama, usimhukumu huyu. Ni sisi wazee tuliomfundisha kuwa mwanamume ni wingi. Adhibu sisi, yeye mpe sharti."

Vijaya akamgeukia Magesa. "Akienda Bugarama na dagaa wake, nani anawalisha?"

"Mke wangu," akasema Makoye.

"Amekubali?"

Makoye akaanza kulichunguza feni la darini.

"Basi nitakuja Tinde nimsikie kwa kinywa chake. Akikubali, jike ni wenu. Akikataa, nitaondoka na dume pia, maana nyumba isiyomtaka si nyumba yake."

"Tumepokea," akasema Magesa kabla Makoye hajavuta pumzi. Na neno la mshenga, likishatoka, halirudi.

Siku zilizofuata shujaa aliishi kwa woga. Alimletea Martina kanga. "Nzuri," akasema Martina. "Panya bado ni panya." Alimletea sato mbichi wa Mwanza, naye akamkaanga, akamla.

Vijaya akafika, ameshika kisanduku kilichofunikwa kitambaa. Martina akampa kiti kizuri, na michembe, viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga. Walipokwisha kula, mgeni akauliza alichokijia.

Martina akafuta mikono, akasema: "Mama Rushabh, sitakudanganya ndani ya nyumba yangu. Panya walinilia mbegu nikapanda nusu shamba. Siwapendi, wala sitajifunza kuwapenda."

Makoye akaingiza mkono mfukoni, akamshika Mtemi kwa mara ya mwisho. Machozi yalimlenga, na hakuona haya.

"Lakini," akaendelea Martina, "huyu baba wa mtoto wetu Asteria zamani akitoka Bugarama alipitia vilabuni, nikimjua kwa harufu kabla sijamwona. Sasa anarudi jua likiwaka, eti Mtemi hali asipomwona. Anafagia. Anachemsha maji. Juzi mtoto kapata homa, yeye ndiye aliyeijua kwanza, anasema kazoea kuangalia macho ya panya. Mimi panya simtaki. Huyu mume aliyeletwa na panya ndiye ninayemtaka. Kwa hiyo watakula, nitawalisha mwenyewe. Ila mkono unaosafisha kizimba usafishe na masufuria."

Vijaya akasema, "Wengi huniambia wanawapenda, kisha wanawaacha na kiu. Neno lako linanitosha." Akafunua kisanduku, akaagiza bibi harusi akae kwanza chumba cha peke yake mpaka ijulikane hana maradhi, na Magesa akakubali kwa furaha, maana tangu awe mshenga hakuwa ameona bibi harusi asiyefichwa kwanza.

Kisha ikabaki mila moja. Bibi harusi aingiapo mji mpya hupewa jina na mama wa nyumba. Watu wote wakamgeukia Martina. Akatazama ukutani, akamtazama jike yule wa kijivu aliyekuwa akitetemeka, akatazama tena ukutani.

"Milembe," akasema. "Yaani amani. Na isiwe vinginevyo."

Nchi nyingine zina tarehe za vita vyao na watoto wanazikariri shuleni. Tinde nayo inayo yake, siku ambayo Makoye, mfugaji mwaminifu, akiwa na koti la harusi na mbele ya mshenga wake, alichuchumaa uani akasugua ukoko wa ugali mpaka sufuria ikang'aa, na wapita njia wakasimama kushuhudia. Martina akapiga kigelegele kimoja tu, kifupi. Kisha akaingia ndani kumwekea Milembe maji.