Kome la Jioni katika Chumba cha Mahututi

Jumatatu, 9 Juni

Kaka Lafaele kaondolewa mashine ya kupumulia! Nimonia imelegea. Tukashangilia ukoo mzima, mpaka muuguzi, Sista Litara, akatunyamazisha kwa kidole kimoja.

Furaha haikudumu. Kaka hajui usiku wala mchana. Mchana analala kama gogo. Usiku anataka kwenda kupalilia magimbi, na anang'oa mipira ya dawa. Sista akatueleza taratibu: mwili una saa yake, nayo hufuata mwanga na giza. Katika chumba cha mahututi taa zinawaka, mashine zinalia, dawa zinalevya. Saa ya kaka imepotea njia. Asipolala usiku, kifua hakitapata nguvu, atarudishwa kwenye mashine. Na kwa umri wake, huenda asitoke tena.

 Hata binamu Eneliko alinyamaza, na yule shemasi akinyamaza ujue pana msiba.

Sista akaomba mambo mawili. Mchana pazia wazi na mgonjwa asemeshwe. Usiku giza na utulivu, maana yake ukoo wetu uache kumwimbia tenzi kwa zamu hadi kuche. Ushauri mzuri. Wa polepole mno! Saa ikiharibika si huitiwa fundi? Basi, fundi nipo.

Jumanne, 10 Juni

Jogoo. Kwa nini hakuna aliyefikiria jogoo? Kaka ameamshwa na jogoo maisha yake yote.

Jana jioni niliazima mmoja bandani kwa Eneliko. Kusema kweli sikumwambia, alikuwa kanisani. Nikamfunika majani ya migomba ndani ya kikapu cha magimbi, nikamweka barazani chini ya dirisha la kaka, penye taa. Alfajiri hakutoa hata mlio. Saa nane mchana, daktari akiwa katikati ya maelezo, jogoo akawika. Akawika tena. Hakunyamaza hadi saa kumi!

Sista Litara alikuja, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Akasema, "Baba Pelenato, sasa nina wagonjwa wawili wasiojua mchana." Akaongeza kwamba mimi ni wa tatu, maana alinikuta nimelala kwenye benchi adhuhuri. Nikamweleza kuwa usiku nakesha nikifikiri. Akasema afadhali nisifikiri.

Jogoo kapandishwa basi kurudi kijijini. Alisinzia njia nzima, nasikia.

Jumatano, 11 Juni

Eneliko kagundua habari za jogoo. Kaniita mwizi mbele ya shemeji zangu, halafu akasali kwa sauti nisamehewe. Afadhali angenipiga.

Lakini leo nimepata wazo kubwa. Kaka ndiye mpuliza kome wa kijiji, lile kombe kubwa la baharini linalolia kama baragumu. Jioni akipuliza, kila kitu kinasimama: vijana wanazuia wapitaji barabarani, kila nyumba inakaa chini kusali. Kisha chakula, kisha usingizi. Mwili wake unalijua kome kuliko unavyomjua mkewe. Alisikie tu, saa itajirekebisha yenyewe!

Tatizo: tangu kaka augue, kome analo Eneliko. Analipuliza kama ng'ombe aliyekwama matopeni, na anajisifu. Nilimwomba kwa unyenyekevu. Akasema kome si la kuchezea, niendelee na kuku wangu. Nikamkumbusha kuwa kuku ni wake. Hakucheka.

Fuatino, mke wangu, kasema nirudi nyumbani nikalale usiku kama watu. Wanawake hawaelewi mikakati.

Alhamisi, 12 Juni

Kome ninalo! Eneliko alikuja kumwona kaka na mfuko wake wa kome, akauacha barazani. Nikatoa kome, nikatia nazi mahali pake. Uzito uleule. Najipongeza.

Nilipanga kupuliza jioni hiihii. Nikajinyoosha kidogo kwenye benchi, nipate pumzi.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa nje ya geti. Nimekatazwa kuingia hadi Jumapili.

Niliamka, mwanga wa kijivu dirishani. Saa ya ukutani inakaribia kumi na mbili na nusu. Jioni yenyewe! Nikakimbia hadi mlango wa chumba cha mahututi, nikajaza mapafu, nikapuliza.

Nikiri, lilitoka vizuri. Mfagiaji akaacha ufagio, akaketi sakafuni. Wauguzi waliokuwa wakipokezana zamu wakainamisha vichwa. Walinzi wawili wakazuia watu ukumbini. Eneliko, aliyefika na nazi yake mkononi kunitafuta, hakuwa na la kufanya ila kuanzisha wimbo wa jioni. Wodi nzima ikaitikia. Nilikaribia kulia.

Kisha ikasikika sauti ya kukwaruza kutoka kitandani. Kaka! Alisema, "Pelenato, mjinga wewe, hii ni asubuhi. Jua linachomoza nyuma ya mnara wa kanisa. Tangu lini likazama kule?"

Wimbo ukakatika. Tukageuka dirishani wote. Jua linapanda.

Akauliza mbona nimelipuliza kama nguruwe mwenye mafua. Akadai kakao yake ya asubuhi. Shemeji akaangua kilio, na Sista Litara akafuta macho kwa kiwiko. Halafu akanitoa nje kwa mkono uleule.

Jumatatu, 16 Juni

Jana kaka alihamishiwa wodi ya kawaida. Kifua safi. Hatarudi kwenye mashine! Nilimshika mkono, nikamshukuru Mungu kwa sauti kumshinda hata Eneliko.

Daktari kamsifu Sista kwa giza, utulivu na mapazia. Eti kaka analala usiku na yuko macho mchana tangu Jumatano, tulipoacha kuimba. Kwamba wote waliliona isipokuwa mimi, kwa kuwa mchana nilikuwa nimelala. Kome hakulitaja kabisa. Nimemsamehe, ni kijana.

Kaka mwenyewe kaamua kuwa hadi apone, kome alipulize Eneliko. Akasema, "Huyo angalau anajua jua linazama wapi." Watu wakacheka sana. Nami nikacheka, kwa heshima.

Maskini kaka. Maneno kama hayo hayatoki kwa mtu mwenye akili timamu. Ni dhahiri saa yake bado inachelewa kidogo, inahitaji mguso mmoja tu wa fundi. Nimefikiri usiku kucha. Sasa jua linachomoza, najinyoosha kidogo kwenye benchi, nipate pumzi.

Eneliko ana jogoo wa pili.