Saa ya Ofisi na Moyo wa Peres

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ofisi yetu ya Hurlingham imetugawia saa za mkononi. Zinahesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, na kutuma matokeo ofisini. Atakayetembea zaidi mwezi huu analipiwa wikendi Naivasha, yeye na familia. Mwaura wa mauzo tayari anakimbia wakati wa chakula, kaptura fupi, miguu ya kuku. Mjinga. Mimi yangu nimemvisha mke wangu Peres. Anauza nguo soko la Ngara, anabeba marobota ya mitumba kutwa nzima. Nimemwambia ni zawadi. Amefurahi, maskini.

Jumatano, 11 Juni
Hatua elfu ishirini na mbili. Naongoza, na sijainuka kitini. Mwaura hanisalimii tena.

Ijumaa, 13 Juni
Balaa. Jacklyne, muuguzi wa kampuni, amenipigia simu. Saa yangu inaonyesha moyo unapiga ovyo ovyo, nimwone daktari haraka. Kifua kikaanza kuuma papo hapo. Nimerudi nyumbani mtaa wa Satellite, nikajilaza, nikawasamehe watu wote isipokuwa Mwaura. Peres amefika jioni akihema, eti amepumzika mara tatu kwenye ngazi. Nikamuuliza anahema nini, na mgonjwa ni mimi. Akaomba msamaha, akanipikia uji.

Jumamosi, 14 Juni
Daktari amenipima kwa mashine. Moyo wangu ni mzima kabisa. Akataka kuiona hiyo saa. Nikasema anayo mke wangu mkononi, tangu Jumatatu. Akaweka kalamu chini. Akauliza mke mwenyewe yuko wapi. Nikasema Ngara, amebeba robota. Hapo ndipo nilipoelewa. Niliogopa, wacha niseme ukweli. Nilikimbia kutoka steji ya matatu hadi kibandani kwake bila kusimama, hatua zangu mwenyewe, na hakuna saa ya kuzihesabu.

Jumatatu, 16 Juni
Peres ameanza dawa. Daktari anasema tumewahi, angeweza kupooza. Asibebe mzigo mwezi mzima. Nimesimama mbele ya ofisi nzima nikasimulia nilivyomwokoa mke wangu kwa saa. Wakapiga makofi. Kisha Mwaura, roho mbaya, akauliza nilimvisha lini. Nimeondolewa mashindanoni. Mtu amenusurika kifo, yeye anahesabu hatua.

Jumanne, 17 Juni
Nimeandika barua ya rufaa. Tulifunga ndoa kanisani, mume na mke ni mwili mmoja, kwa hivyo hatua zake ni zangu. Wanijibu hilo. Peres ameisoma mara mbili. Akasema sawa, basi kesho saa kumi na moja alfajiri mwili huo uende Ngara ukafungue kibanda na kushusha marobota. Nikamkumbusha mimi ni mtu wa ofisi. Akasema ofisi hufunguliwa saa mbili. Nitaenda, nifanyeje. Lakini nikitoka huko naipeleka barua, na Mwaura ajiandae.