Mafuta kwa Bei ya Zamani

Jumatatu, 3 Juni
Petroli imepanda tena! Nimefika kituoni asubuhi, nikamkuta muuza mafuta juu ya ngazi anabadilisha tarakimu za bei. Nikamuuliza sababu. Akasema ni vita vya mbali, meli zinazunguka njia ndefu, dola imepanda, na kodi nayo juu yake. Nikamwambia mimi sijapigana na mtu. Hakucheka. Waliokuwa kwenye foleni nao hawakucheka.

Mkakati: kuzima injini kwenye miteremko yote. Mke wangu anasema nitaua mtu. Haelewi uchumi. Kinara, dereva mwenzangu wa teksi pale kijiweni, ameongeza nauli na bado abiria wanamfuata yeye. Kisa gari lake lina kiyoyozi. Kiyoyozi!

Jumanne, 4 Juni
Mkakati umelipa. Mchana nimeteremka barabara ya zamani, injini imezimwa. Kimya kabisa. Hata kunguru hakuna. Gari likapunguza mwendo lenyewe, likakata kona, likaingia kwenye kile kituo kilichofungwa tangu barabara mpya ifunguliwe. Likasimama sawasawa mbele ya pampu. Sikugusa breki.

Akatoka mzee mmoja, sare imepigwa pasi ikanyooka. Bei kwenye pampu ni ile ya enzi zangu za shule! Nikamuuliza mbona kwake haijapanda. Akasema hakuna aliyewaletea habari hizo huku. Mafuta yaliingia bila mlio wala harufu, lakini mshale wa tangi ulipanda. Aliniomba jambo moja tu: abiria akinisimamisha, nisimkatae. Nikaapa. Kwa bei ile ningeapa chochote.

Nikageuka kumpungia mkono. Hayupo. Kwenye vumbi kulikuwa na alama za magurudumu yangu tu, nyayo zake hakuna. Mzee msafi sana. Siku hizi nani anafagia hadi nyayo zake?

Jumatano, 5 Juni
Biashara moto! Abiria hawakatiki. Mama mmoja nywele zake zinachuruzika maji, na mvua haijanyesha siku nyingi. Bwana mmoja mwenye suruali pana chini akaomba nimpeleke sinema. Nikamweleza sinema ilivunjwa, pale sasa ni benki. Akanishukuru, akashuka, akapenya ukutani, pale pale ulipokuwa mlango wa zamani.

Nimejifungia garini kwa muda. Kisha nikaendelea na kazi. Wateja wenyewe hawabishani nauli. Ubaya mmoja: wote wanalipa kwa noti za zamani, zilizokwisha kuondolewa kwenye mzunguko.

Kinara anaeneza kwamba nazunguka mjini na gari tupu, nikiongea peke yangu. Wivu.

Alhamisi, 6 Juni
Mchana nimesikia mtu anakohoa kiti cha nyuma. Sikusimama popote kupakia mtu. Nikatazama kwenye kioo. Mama mkwe! Tulimzika mwaka jana.

Lakini adabu ni adabu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaongeza kwamba bado naendesha kama naswaga mbuzi. Akataka nimpeleke kwa binti yake.

Mke wangu alikuwa uani anaanika nguo. Wakati ule mama yake amelazwa hospitali, mke wangu alikwenda nyumbani mara moja kubadili nguo, akarudi akakuta kitanda kimetandikwa upya. Hakuwahi kumuaga mama yake. Nilidhani leo atapiga yowe. Ndoo ndiyo iliyopiga yowe, ilipoanguka. Yeye alisema tu, “Mama, umekonda,” akamshika mkono.

Mlangoni mama mkwe akanigeukia. “Mkwe wangu, gari usilizime. Likizima tu, nami nimekwenda.”

Nikabaki nje, injini inanguruma. Kupitia dirishani nikawasikia wanacheka, kisha wanalia. Kisha mke wangu akaanza, “Mama, kuna jambo nilitaka kukuambia siku ile...” Nikatazama mshale. Unashuka! Jamani, gari haliendi popote na mafuta yanaungua! Roho iliniuma kweli. Nikasema nizime kidogo tu, wakimaliza maongezi niwashe.

Nikazima.

Ndani kukanyamaza. Mke wangu akatoka peke yake, vidole bado vimekunjwa kama vimeshika mkono wa mtu.

Ijumaa, 7 Juni
Gari limegoma kuwaka. Mke wangu ametamka maneno mawili tu: rudi kule. Nimekwenda kwa miguu. Magugu hadi kifuani. Pampu imeliwa na kutu, mpira wake umekatika, ndani yake kuna kiota kikavu. Nikaita. Nyuma ya jengo nikasikia ufagio unafagia, taratibu. Nikazunguka mbio. Hakuna mtu. Vumbi tu, lilikuwa bado halijatua.

Nikarudi nyumbani bila kugeuka nyuma.

Jumapili, 9 Juni
Tangu asubuhi mke wangu amekaa kiti cha nyuma cha gari, milango imefungwa, anaongea kwa sauti ya chini. Ameacha nafasi pembeni yake. Nimepiga magoti nje, nikamwomba msamaha kupitia kioo. Akashusha kioo kidogo, akasema ilikuwa imebaki sentensi moja. Moja tu. Akakipandisha.

Nililia. Sioni aibu kuandika.

Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona, nalikiri bila kuzunguka: sikubeba madumu! Tangi moja lingetosha nini? Redio inasema bei inapanda tena kesho. Nimeazima madumu kwa Kinara pamoja na mkokoteni, nimemwahidi mgao. Naondoka sasa hivi. Mzee yule lazima yupo, nilimsikia anafagia.

Na mama mkwe akija tena, nitawaomba waongee gari likiwa njiani, nikiwa na abiria wengine. Mafuta yasiungue bure.