Moduli ya Ishirini na Tatu

"Mashine ya dirisha la dawa pale zahanati imegoma tena!" Kiraka, fundi viatu, alituletea habari hiyo kijiweni hata hajakaa. "Siku ya tatu leo. Dawa ziko kabatini lakini bila mashine hazitolewi, watu wamejaa hadi getini."

Tukamgeukia Injinia, aliyejibanza mwisho wa benchi, kompyuta yake imechomekwa kwenye umeme wa muuza kahawa maana betri ilishakufa. Jina la Injinia alijipa mwenyewe. Ndiye aliyewaahidi zahanati kwamba ile programu huria ya bure ataiongezea moduli, yaani kipande cha ziada, ya dawa kabla chai haijapoa.

"Haijagoma," akasema. "Inadai moduli nyingine. Nikaitafuta, nikaiweka. Nayo ikasema bila mwenzake haifanyi kazi. Nikamleta mwenzake, naye ana wenzake…"

"Umealika mgeni mmoja, kaja na ukoo mzima!" Kiraka akadakia.

"Nimefika ya kumi na tisa."

"Na mama mkwe wako yuko kwenye foleni hiyo hiyo. Dawa zake za presha ziliisha juzi."

"Mbona kwenye kompyuta yangu inafunguka vizuri!"

"Basi wagonjwa wahamie kwenye kompyuta yako."

Mkaguzi, mtunza stoo mstaafu ambaye hata risiti ya sabuni haisaini bila kuisoma, akavaa miwani na kuivuta kompyuta.

"Hili faili la 'Nisome Kwanza' umelifungua?"

"Hayo ni ya wanaojifunza, mzee."

Mkaguzi akalifungua, akasoma kwa sauti. "'Kabla ya kupakia moduli hii, weka hizi ishirini na mbili.' Na hapa chini kuna amri, mstari mmoja tu, wa kuzileta zote kwa mpigo."

Muuza kahawa akaacha kumimina.

"Kuuliza si ujinga," Kiraka akasema, "na kusoma hakujawahi kuua mtu. Kutosoma ndiko kunakotaka kutuua sisi!"

"Shikamoo, mama," Injinia akanong'ona ghafla, akasimama wima. Mama mkwe wake, aliyechoka na foleni, alikuwa nyuma yetu, na alikuwa amesikia yote.

"Marahaba, mkwe." Akatoa pakiti tupu ya dawa. "Nisomee hapo."

"'Usimeze… kabla ya kula.'"

"Mimi darasa la pili sikumaliza, lakini najua kuna kinachotangulia. Wewe msomi umeshindwa nini?"

Injinia aliandika ule mstari mmoja, akasubiri, zote ishirini na mbili zikashuka kama mvua, tayari kuhamishiwa kwenye mashine ya zahanati. Akachomoa kompyuta, akaibana kwapani na kutimua mbio kuelekea zahanati. Kwa aibu ile ningemwonea huruma, kama asingekuwa mjuaji kiasi kile.

Mkaguzi akainama chini ya benchi, akainuka na waya mkononi.

"Chaja kaiacha."

"Hiyo sasa ndiyo ya ishirini na tatu," Kiraka akasema.

Mama mkwe akaupokea ule waya, akauzungusha mkononi taratibu.

"Naipeleka mimi. Nilimwambia binti yangu tangu siku ya posa: huyu hakuja kamili."