Besi wa Inchi Arobaini na Tisa

Jumatano, 12 Novemba
Zimebaki siku nne. Mashindano ya kuvua samaki aina ya besi yanafungwa Jumapili saa sita mchana, na huu ni mwaka wa kumi na tisa jina langu halipo kwenye ubao wa washindi wa Bi Gert, mwenye duka la chambo. La shemeji yangu Carmine lipo mara tatu. Tatu! Kila nikienda kununua ndoano linanitazama.

Mwaka jana nilipata besi wa inchi arobaini na saba. Sheria inataka mkubwa kama huyo arudishwe majini, kwa hiyo Bi Gert anadai mashahidi wawili. Mimi huvua peke yangu, nisije nikaibiwa mahali pangu. Bi Gert akasema shahidi wangu ameshaogelea zake. Duka zima likacheka.

Leo nimewaona besi wamejaa penye mawe ya ufukweni, mwisho wa Mtaa wa Tisa. Hapa kisiwani hakuna mvuvi anayesema kweli kuhusu mahali. Basi nimempigia Carmine nikamwambia kweli tupu. Hataamini, atakimbilia kwingine. Akili hizi sijui nazitoa wapi.

Alhamisi, 13 Novemba
Carmine kapata besi wa inchi arobaini na tatu. Mtaa wa Tisa. Mashahidi sita.

Nikamuuliza kwa nini aliniamini. Akasema hakuniamini hata kidogo, alikuwa anaelekea kwingine, ila alipopita aliona pikapu yangu nyekundu. Akaongeza kuwa pikapu yangu huonekana hata kutoka bara. Nimenuna mchana kutwa. Kisha mke wangu Rosalie kapika supu ya chaza, nikaacha.

Jumamosi, 15 Novemba
Kama pikapu ndiyo inayonichongea, basi na iwaponze wao. Asubuhi nimeiegesha kwenye mchanga, ncha ya kaskazini, ambako samaki hakuna hata wa dawa. Nikasimamisha fimbo mbili za kuvulia mbele yake. Kisha nikashika njia ya kusini kwa baiskeli ya Rosalie, fimbo ya tatu mgongoni, suruali ya mpira hadi kifuani. Kilomita kumi na mbili, upepo ukinipiga usoni. Pikapu nne zikanipita zikikimbilia kaskazini. Nilicheka nusura nianguke.

Kusini, patupu. Saa nne simu ikalia. Bi Gert ananiarifu kuwa bahari imefika kwenye milango ya gari langu. Nikamwambia haiwezekani, maji yanajaa saa saba, jedwali nimesoma mwenyewe. Akauliza taratibu kama nimesoma la baharini au la ghubani.

La ghubani, ambako maji hujaa saa tatu baadaye. Na nimezaliwa hapa hapa.

Nikarudi kaskazini mapafu mkononi. Nusu ya kisiwa ilikuwa pale, na Carmine majini hadi kiunoni akifunga kamba kwenye gari langu. Akaniita Lester mpumbavu mbele za watu. Wakavuta, gari likatoka likimwaga maji kila tundu. Ghafla ndege wakaanza kujirusha baharini. Samaki wadogo wakaruka hadi mchangani, na nyuma yao besi, maji yanachemka. Kila mtu akakimbilia fimbo. Yangu ilikuwa mgongoni tayari!

Nikawa wa kwanza kurusha ndoano, na besi akanasa. Nikavutana naye dakika ishirini. Carmine akampima mwenyewe, akapima tena, akasoma kwa sauti: arobaini na tisa. Watu thelathini wakashuhudia. Nililia kidogo. Nitasema ni upepo.

Jumapili, 16 Novemba
Saa sita imepita na hakuna aliyenifikia. Duka lilijaa mpaka mlangoni, wote wale wa jana, Carmine viganja vimechubuka kwa kamba. Bi Gert kachukua brashi. Kaandika jina langu, herufi kubwa. Sijawahi kuona jina zuri vile. Kaandika inchi. Kisha akauliza alivuliwa wapi, maana ubao una sehemu ya mahali.

Nikasema Mtaa wa Ishirini na Saba.

Akauliza tena, nikarudia, macho makavu. Carmine akaniuliza kama kichwa kiko sawa. Bi Gert akahema, akaandika nilivyosema.

Nimefurahi mno. Mwakani wote watajazana Mtaa wa Ishirini na Saba, na ncha ya kaskazini nitavua peke yangu.