Gari Linalokonyeza Wake za Watu

Jumatatu, 3 Juni

Mume wa Salome muuza chapati amenijia na malalamiko. Anasema gari langu linamkonyeza mkewe! Nimemweleza kistaarabu kwamba gari halina macho. Akasema lina taa, kila besi ikidunda zinafumba na kufumbua, na mkewe ameshaanza kutabasamu. Ni kweli linakonyeza. Pikapu kuukuu la dizeli, spika nne mgongoni, na kila zikisema "du!" taa zinafifia na muziki unakatika pumzi.

Nyarugusu nzima inacheka. Anayecheka kuliko wote ni Abdu, mpiga matangazo mwenzangu, mwenye lile Noah jeupe. Kwake besi inadunda na taa zimetulia tuli. Nimechungulia kwa mbali, sijaona siri. Namchukia kwa moyo wangu wote.

Nyumbani nako moto. Scolastika, mke wangu na mwenye gari (kadi ina jina lake, hachoki kunikumbusha), ametoa amri. Nisipopata kazi ya maana hadi Jumapili, spika zinashuka na gari linakwenda Nkome, kule ziwani, kumbebea dagaa wake wa biashara. Dagaa! Sauti hii niliyopewa na Mungu ikanyamaze katikati ya magunia!

Jumanne, 4 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Mzee Makoye, mwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule mlimani, anafungua gesti Jumapili na anatafuta gari la kumtangazia mwaka mzima. Nilikwenda mbio. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Abdu alikuwa ameshafika, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Mzee alisema yeye spika hazijui, anaijua mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Enzi za ujana wake makundi mawili, Bagika na Bagalu, walicheza ngoma uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kundi na upande wake, na lililovuta watu ndilo lililoshinda. Hakukuwa na mwamuzi. Basi na sisi tutapiga hivyo hivyo Jumapili uwanjani, watu wachague kwa miguu yao.

Abdu alitabasamu. Mimi nikatabasamu kumzidi. Kisha nikarudi nyumbani nikihesabu siku zilizobaki.

Jumatano, 5 Juni

Nimeipata siri ya Abdu! Enock fundi umeme wa magari ameitoa kwa soda moja. Inaitwa kapasita. Dude la kung'aa, umbo la chupa ya chai, linafungwa karibu na amplifaya.

Enock alieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mbuzi. Betri ni mtungi, kapasita ni kata ya kuchotea maji. Besi ikidunda inataka maji mengi ghafla, na mtungi unamimina taratibu, ndiyo maana taa zinafifia. Kata iliyojaa inamwaga mara moja, halafu inajazwa tena kabla ya dundo linalofuata. Akaongeza kwamba kapasita haizalishi umeme, inasaidia tu. Akasema pia mambo ya kuijaza polepole kwa kupitia balbu. Hapo nilikuwa nimeshaacha kusikiliza, maana nilikuwa nawaza.

Nilichowaza ni hiki. Kata ikishajaa, mtungi wa nini?

Alhamisi, 6 Juni

Akili ni mali! Doto kinyozi ana kapasita. Aliachiwa na shemeji yake wa Shinyanga, hajui kazi yake, ameipanga rafuni pamoja na mafuta ya nywele. Anachotaka Doto ni betri, kwa sababu umeme ukikatika mashine yake ya kunyolea inakufa mteja akiwa katikati. Mimi nina betri. Tukapeana mikono.

Aliniamini, akanipa kapasita nikaifunge kwanza. Sikuona sababu ya balbu. Nikagusanisha nyaya. Cheche! Unyusi wangu wa kushoto umekwenda na hautarudi wiki hii. Scolastika ameniuliza imekuwaje, nikasema mtindo wa kisasa.

Jioni nimempelekea Doto betri. Nilihisi nimemwonea.

Ijumaa, 7 Juni

Gari haliwaki kwa ufunguo. Si tatizo. Dizeli kuukuu halina maringo. Nalisukuma kwenye mteremko wa nyumbani, linashika, nalikanyagia mafuta mpaka altaneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, inaamka, na muziki unalia. Unalia jamani! Besi inashuka mpaka kwenye magoti na taa hazipepesi. Salome alipita, akaonekana kusikitika kidogo.

Scolastika ameuliza kwa nini nalisukuma. Nimemwambia injini nayo inahitaji mazoezi. Amenitazama kwa muda, hasa upande wa kushoto.

Jumapili, 9 Juni

Naandika na mikono inauma.

Tulianza vizuri. Abdu upande wa mashariki, mimi magharibi. Injini yangu ilinguruma muda wote, kwani sikuthubutu kuizima, ila spika ziliimeza. Mwanzoni watu walijaa kwa Abdu. Nikatoa besi. Wachimbaji wawili wakageuza shingo. Nikatoa nyingine. Wakaja kundi zima wakitimua vumbi, akina mama nyuma yao, hata mume wa Salome! Abdu akabaki na miwani yake na mbuzi wa mtu. Nikashika kipaza sauti nikatangaza gesti ya Mzee Makoye kwa sauti ambayo mimi mwenyewe ilinitoa machozi. Mzee alikuwa anatikisa mabega. Kazi ilikuwa yangu. Nilishaanza kumwona Scolastika akiniomba radhi.

Ndipo Luka, katekista wa kanisani, akasimama kuombea gesti. Abdu akazima muziki. Mimi pia. Ila injini ikaendelea kunguruma, na Luka ana sauti ndogo. Mzee Makoye akanigeukia, taratibu, mbele ya watu wote.

"Ng'wanawane, mwanangu, zima hiyo gari tuombe."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikazima.

Luka aliombea gesti. Akaombea vitanda. Akaombea wageni na kule watokako. Mimi nilikuwa naombea kata isitoboke.

Amina ilipofika nikawasha muziki kwa tabasamu la mshindi. Spika zikasema "du." Moja. Kisha mwimbaji akaanza kuvuta maneno, akawa na sauti ya babu, akanyamaza. Ufunguo haukutoa hata kikohozi. Na uwanja ule ni tambarare kama meza.

Watu walisubiri kidogo, wana adabu. Halafu besi ya Abdu ikadunda kutoka mashariki, nikaona migongo yao. Nilitamani kuingia shimoni, na hapa Nyarugusu mashimo si haba.

Abdu ndiye aliyewaleta vijana wa kunisaidia kusukuma. Nilisukuma nami. Yeye akaja nyuma polepole na Noah lake akitupigia muziki, na watu wakacheza nyuma yetu mpaka nyumbani kwangu. Mzee Makoye amesema tangu mbina za ujana wake hajafurahi hivyo. Amempa Abdu kazi ya mwaka mzima.

Scolastika alikuwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alifungua boneti, akainama, akainuka.

"Baba Nelly, betri iko wapi?"

Nilisema imepumzika. Hata mimi sikuliamini jibu hilo.

Jumatatu, 10 Juni

Scolastika amenibana mpaka nikataja jina, kisha amekwenda kwa Doto. Nilimfuata kwa mbali, kwa usalama wangu. Umeme ulikuwa umekatika na Doto alikuwa ananyoa kwa betri. Betri ile aliinunua Scolastika kwa pesa za dagaa wake, na Doto alilijua hilo. Hakubishana naye. Aliichomoa hapo hapo, mashine ikafa, na mteja akatoka na nusu kichwa. Mteja mwenyewe alikuwa Abdu! Nimecheka peke yangu nyuma ya nyumba mpaka mbavu zikauma.

Kicheko hakikudumu. Kapasita imerudi rafuni kwa Doto. Spika zimeshushwa, zimo chumbani zimefunikwa shuka. Nimezitazama nikaona uchungu wa kweli. Amri ni amri. Kesho kutwa naenda Nkome.

Jumatano, 12 Juni

Nkome. Dagaa kwenye mchanga, dagaa kwenye gari, dagaa kwenye mfuko wa shati. Scolastika anakagua magunia. Nimemwahidi kwamba nimejifunza, na nilipokuwa nasema nilimaanisha.

Wakati wa kupakia nimezungumza na mvuvi mmoja, mtu mwema, jina lake Adam. Boti lake linavulia dagaa kwa taa za sola. Nimemuuliza taa hizo zinatumia nini. Betri, akasema, na akanionyesha. Ziko mbili. Mbili! Taa ni zile zile, ziwa ni lile lile. Sasa ya pili ya nini? Anaonekana ni mtu anayependa muziki. Na Doto bado hajaiuza ile kapasita.